Vipodozi vya Ngozi: Hatari ya Kile Kinachofanya Kazi

Kata ya Mpemba imo katika Mji wa Tunduma, mkoani Songwe. Hapo ndipo barabara iendayo Ileje hadi Isongole, kwenye mpaka wa Malawi, huachana na barabara kuu itokayo Mbeya kuelekea Zambia. Reli ya TAZARA nayo hupita katika ukanda huo huo. Mahali pa namna hiyo, palipo karibu na mipaka ya nchi mbili, bidhaa za kila aina hupita, na nyingine hubaki madukani. Miongoni mwake ni vipodozi vya ngozi: mafuta ya kuzuia kupauka, losheni za kulainisha, krimu za chunusi, mafuta ya kujikinga na jua, na krimu ambazo huahidi kuing'arisha ngozi kwa siku chache tu.

Mwanafunzi aliyeanza kuota chunusi, au mama ambaye ngozi yake imekauka kwa upepo wa miezi ya Juni hadi Agosti, husimama mbele ya rafu ya vitu hivyo na kujiuliza: Je, vitu hivi vinafanya kazi kweli, au ni kutupa fedha bure? Swali hili ni la kisayansi kabisa, na yafaa waalimu walipokee kwa heshima linapoulizwa darasani. Hata hivyo, swali lenyewe halijakamilika. Linachukulia kwamba hasara pekee imwezayo kumpata mnunuzi ni kununua kitu kisicho na nguvu. Ukweli ni kwamba krimu isiyofanya kazi humpotezea mtu fedha zake, na basi. Krimu inayofanya kazi upesi kuliko zote, ile inayobadili rangi ya uso kwa juma moja au mawili, ndiyo aghalabu inayompotezea afya yake. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kipodozi kinafanya kazi. Lazima kuuliza kinafanya kazi gani, kwa njia gani, na nani amelithibitisha jambo hilo.

Ngozi ni ukuta

Ili kuyajibu maswali hayo, yafaa kwanza kukumbuka ngozi ni kitu gani. Tabaka la nje kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa, zilizopangwa mithili ya matofali, na kati yake mna mafuta yanayoziunganisha kama udongo unavyounganisha matofali. Katika sehemu nyingi za mwili unene wa tabaka hilo ni mikroni 10 hadi 20 tu, hali karatasi ya daftari hukaribia mikroni 100. Ijapokuwa ni jembamba kiasi hicho, ukuta huu huyazuia maji ya mwili yasitoke ovyo, na huzuia vijidudu na vitu vingi vya nje visiingie.

Kazi hiyo ya kuzuia ndiyo inayoangusha ahadi nyingi za wauza vipodozi. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Uholanzi, Bos na Meinardi, walionyesha kwamba molekuli zinazoweza kupenya ngozi nzima ni zile ndogo, ambazo uzito wake hauzidi daltoni 500 hivi. Kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, ina molekuli yenye uzito wa karibu daltoni 300,000. Basi krimu inayotangazwa kwamba imetiwa kolajeni ili kuondoa makunyanzi hubaki juu ya ukuta. Huenda ikalainisha uso kwa muda, kama mafuta yoyote yalainishavyo, lakini kolajeni hiyo haigeuki kuwa kolajeni ya mwenye uso. Kujipaka kolajeni ili kurudisha ujana ni sawa na kujipaka uji tumboni ili kushiba.

Vipodozi vinavyofaa

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba vyote ni ulaghai. Vipo vipodozi na dawa za kupaka ambazo manufaa yake yamethibitishwa, na jambo la kutia moyo ni kwamba vingi kati yake si vya bei kubwa.

Mfano wa kwanza ni mafuta mgando yatokanayo na petroli, ambayo Robert Chesebrough wa Marekani aliyapatia hataza mwaka 1872. Mafuta hayo hayailishi ngozi kwa vitamini, wala hayana siri yoyote. Hufunika tu juu ya ngozi na kupunguza maji yanayopotea hewani. Kwa hiyo hufaa zaidi yakipakwa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Katika nyanda za Tunduma, zilizo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako miezi ya kipupwe huwa ya baridi na ukavu, kopo la mafuta hayo hufanya kazi ambayo losheni ya bei mara kumi yake huenda isiizidi. Gliserini nayo husaidia kwa njia nyingine: huvuta maji na kuyashika katika tabaka la nje.

Hata mafuta ya alizeti, zao linalolimwa pia mkoani Songwe, yamepimwa kwa utaratibu wa kisayansi. Katika hospitali moja mjini Dhaka, Bangladesh, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipakwa mafuta hayo chini ya uangalizi wa waganga. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba maambukizo waliyoyapata wakiwa hospitalini yalipungua kwa asilimia 41, yakilinganishwa na ya watoto ambao hawakupakwa. Ukuta wa ngozi zao changa ulikuwa umeimarishwa.

Kwa chunusi, dawa yenye benzoili peroksaidi huua bakteria wanaohusika, na dawa za jamii ya vitamini A, kama tretinoini iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1971, huzibua vinyweleo. Hizi za pili zatakiwa kutumiwa kwa ushauri wa mganga, na mjamzito asizitumie. Matokeo yake huonekana baada ya majuma sita hadi kumi na mawili, si baada ya siku tatu. Kwa mapunye na magonjwa mengine ya fangasi, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki uliobuniwa na Arthur Whitfield wa Uingereza mwaka 1907 ungali unatumika hadi leo, na bei yake ni ndogo.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni mafuta ya kujikinga na jua. Katika mji wa Nambour, Australia, watu 1,621 waligawanywa kwa bahati nasibu mwaka 1992. Baadhi walipewa mafuta hayo wayapake kila siku, na wengine waliachwa waendelee na desturi zao. Baada ya miaka minne na nusu, aina mojawapo ya saratani ya ngozi ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 40 katika kundi la kwanza. Kwa Tanzania somo hili si la mbali hata kidogo. Mwaka 1985 Dkt. Luande na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watu 350 wenye ualbino walioandikishwa katika kituo cha saratani jijini Dar es Salaam, wakaonyesha jinsi jua linavyoiharibu ngozi isiyo na melanini tangu utotoni. Katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Moshi, mafuta maalumu ya kujikinga na jua yametengenezwa humu humu nchini kwa ajili ya watu hao. Kwa mtoto mwenye ualbino mafuta hayo si urembo. Pamoja na kofia pana na nguo za mikono mirefu, ni kinga ya uhai wake.

Vipodozi hivi vyote vina tabia moja inayofanana. Vinaahidi jambo dogo lililo wazi, vinalitimiza polepole, na namna vinavyolitimiza yaweza kuelezwa ubaoni kwa dakika tano.

Vinavyofanya kazi na kudhuru

Sasa tazama upande wa pili wa rafu. Krimu za kujichubua, pamoja na michanganyiko ile inayoitwa mkorogo, haziwezi kushutumiwa kwamba hazina nguvu. Rangi ya mtumiaji hubadilika kweli, na majirani huliona badiliko hilo. Hapo ndipo hoja ya kwamba "mimi nimeijaribu na imefanya kazi" inapowanasa wengi. Jaribio hilo limepima jambo moja tu, yaani rangi, na halikupima figo, damu wala unene wa ngozi.

Kemikali zinazotumika zaidi ni za aina tatu. Ya kwanza ni chumvi za zebaki. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, na melanini hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya ambacho kina madini ya shaba. Zebaki huingilia kazi ya kimeng'enya hicho, na melanini hupungua. Lakini zebaki haiishii usoni. Huingia katika damu na kukusanyika katika figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitangaza habari za watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo ambao humfanya mgonjwa avimbe mwili na kupoteza protini nyingi katika mkojo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Hao hawakuwa wachimba madini wala wafanyakazi wa viwanda. Walikuwa watu waliojipaka krimu zilizouzwa madukani. Zaidi ya hayo, zebaki huweza kumfikia mtu ambaye hakuinunua: mtoto aliye tumboni, na watu wa nyumbani wanaogusa taulo na matandiko yaleyale.

Ya pili ni haidrokwinoni. Nguvu za jamii hii ya kemikali zilijulikana kwa ajali, mwishoni mwa miaka ya 1930, pale wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kutengeneza ngozi za wanyama nchini Marekani walipotokwa na mabaka meupe mikononi kwa sababu ya kemikali iliyokuwa katika glovu zao za mpira. Baadaye haidrokwinoni yenyewe ikatiwa katika krimu. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza matokeo ya kuitumia kwa muda mrefu: ngozi ya mashavu huwa nene, yenye vipele, na rangi yake hugeuka kuwa nyeusi inayoelekea samawati. Hali hiyo huitwa okronosisi, na kuiondoa ni shida kubwa. Aliyetafuta weupe huambulia weusi ambao si wake. Nchi hiyo iliipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990.

Ya tatu ni steroidi za kupaka, kama betamethasoni na klobetasoli. Hizi ni dawa za thamani mkononi mwa daktari anayetibu ukurutu mkali. Zinapotumiwa kama mafuta ya kila siku, hubana mishipa midogo ya damu na ngozi ikaonekana nyeupe, lakini wakati huo huo huifanya kuwa nyembamba. Michirizi hutokea na haifutiki, vipele hujaa usoni, na fangasi huenea kwa sababu kinga ya mahali hapo imezimwa. Zikipenya kwa wingi hadi kwenye damu, huzilegeza tezi zilizo juu ya figo ambazo hutengeneza homoni za mwili wenyewe. Tena mtu akiziacha ghafla, uso huwasha na kuwa mwekundu, naye hudhani kwamba anaihitaji krimu zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1979 ulikadiria kwamba ngozi ya juu ya watu weusi ina kinga ya jua ya kiasi cha 13, na ya wazungu kiasi cha 3 hivi. Kwa maneno mengine, mtu mweusi amezaliwa na mafuta yake ya kujikinga na jua, tena bila kuyalipia. Anayejichubua hulipa fedha ili kinga hiyo iondolewe, kisha hutakiwa alipe tena ili kununua kinga ya dukani.

Sheria, na namna ya kusoma lebo

Dola haikunyamaza. Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Katika mataifa, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliwataka wanachama wake wakomeshe kufikia mwaka 2020 vipodozi vyenye zebaki inayozidi miligramu 1 kwa kila kilo. Mwaka 2023 ilikubaliwa kwamba hata kiasi hicho kisiachwe, na mwisho uliowekwa ulikuwa mwaka 2025. Lakini tyubu ya krimu hutoshea mfukoni, na mpaka ni mrefu. Mkaguzi hawezi kusimama katika kila njia. Mkaguzi wa mwisho ni mnunuzi mwenyewe, nayo elimu ndiyo kitambulisho chake.

Mnunuzi huyo afundishwe kusoma lebo. Zebaki huweza kuandikwa kwa majina ya kigeni kama "calomel", "mercurio" au "ammoniated mercury". Wakati mwingine haitajwi kabisa, lakini huandikwa onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini au mpira. Onyo hilo ni ushahidi. Katika Wilaya ya Songwe, na katika Chunya iliyo mkoa jirani wa Mbeya, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanajua vizuri jinsi zebaki inavyoikamata dhahabu. Krimu inayoogopa pete ya dhahabu imekwisha kujitaja jina. Na ikiwa kitu kimemiminwa katika kopo lisilo na lebo yoyote, hapana haja ya kuuliza zaidi.

Kazi ya maabara ya shule

Jina la kata ya Mpemba hukumbusha jina jingine, ingawa yamefanana tu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona kwamba maziwa yake yaliyotiwa katika jokofu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alichekwa, lakini hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 yeye na Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walilichapisha jambo hilo katika jarida la fizikia, na wanasayansi wangali wanalijadili mpaka sasa. Mwanafunzi wa leo anayeuliza juu ya krimu anastahili kujibiwa kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa kipimo.

Jaribio lifuatalo halihitaji chombo cha gharama. Kata vipande vya kiazi vilivyo sawa kwa ukubwa. Vitatu vipakwe mafuta mgando, vitatu losheni ya bei ndogo, vitatu losheni ya bei kubwa, vitatu mafuta ya alizeti, na vitatu viachwe bila kupakwa kitu. Vipimwe uzito kwa mizani ya maabara, viwekwe mahali pamoja kwa siku moja, kisha vipimwe tena. Anayepima asijue kipande kipi kimepakwa nini. Wanafunzi watafute asilimia ya maji yaliyopotea, na waiandike kando ya bei ya kila kipodozi. Kiazi si ngozi, na mwalimu alieleze jambo hilo. Lakini darasa litakuwa limejifunza maana ya kulinganisha, ya kurudia kipimo, na ya kutomwamini muuzaji wala mshindani wake pasipo ushahidi. Krimu za kujichubua zisitumiwe kabisa katika jaribio lolote, si juu ya kiazi wala juu ya mkono.

Nafasi ya hiari

Wapo watakaosema kwamba urembo ni hiari ya mtu, na kwamba fedha iliyonunua furaha haikupotea. Hoja hiyo ina haki yake. Anayependa harufu ya losheni fulani na ana uwezo wa kuilipia, na anunue. Lakini hiari huhitaji habari za kweli. Aliyeambiwa kwamba kopo lina "mimea ya asili" kumbe lina klobetasoli hakuchagua chochote, amechaguliwa. Wala si haki kuwacheka wasichana, au wavulana, wanaojichubua. Wamekua wakiona mabango ambayo humwonyesha mtu mweupe kuwa ndiye aliyefanikiwa, na kuwacheka huwafanya waifiche krimu mpaka siku wanapoletwa hospitali wakiwa wamevimba.

Kinachotakiwa ni wepesi kusema. Somo la Kemia litumie lebo za vipodozi kama mifano ya kawaida ya darasani, na somo la Biolojia lieleze kazi ya melanini kwa fahari inayostahili. Taasisi zinazopima bidhaa zitangaze matokeo yake kwa Kiswahili, kwa majina ya bidhaa, na tangazo hilo lifike hadi kwenye ubao wa shule na mlango wa zahanati katika miji ya mipakani. Naye mwanafunzi ashike kanuni moja anaposimama dukani: kipodozi kinachoahidi kidogo huenda kikatimiza; kile kinachobadili rangi ya uso kwa siku saba kimekwisha kuingia mahali ambapo mwenye uso hawezi kupaona.